Theluji chini ya paa: kutoka Machame hadi Dubai

Jamani wadau, nimekuwa kimya karibu wiki tatu. Kazi ilinipeleka Dubai, semina ya waandishi ya siku nne, na siku ya tano ambayo ilikuwa yangu mwenyewe nikaenda kuona theluji. Ndiyo, theluji. Mtanzania mzima, ninayetoka nchi ambayo mlima wenye kofia nyeupe umechorwa kwenye chupa za bia, mabasi na kila kipeperushi cha utalii, nimeishika theluji kwa mara ya kwanza jangwani, ndani ya jengo la maduka. Mnaonifahamu mnajua siwezi kuacha jambo kama hilo lipite bila kuuliza lilianzia wapi. Kwa hiyo leo hakuna picha za manunuzi. Leo ni historia. Mimina chai yako tuanze.

Mahali penyewe panaitwa Ski Dubai, pamo ndani ya Mall of the Emirates na palifunguliwa mwishoni mwa mwaka 2005. Unakata tiketi, unapewa koti, suruali nzito na viatu vinavyokubana kama mguu umewekewa plasta ngumu. Lile koti nililijua mara moja. Ndilo koti linalovaliwa na vijana wa bodaboda wa Dar usiku, lile linalotoka kwenye marobota ya mitumba ya Karume, nene, lina zipu hadi kidevuni na kijimfuko kidogo kwenye mkono wa kushoto. Miaka yote nimekuwa nikijiuliza kile kijimfuko ni cha nini. Ni cha kuwekea tiketi ya kupandia mlimani! Robo ya vijiwe vya bodaboda mjini vimevaa sare ya mchezo ambao hawajawahi kuuona.

Kisha mlango unafunguka. Nje ya jengo ni joto la kukausha mate, humu ndani ni nyuzi 1 au 2 chini ya sifuri. Pua inashtuka kwanza, halafu meno. Mbele yako kuna mteremko mweupe unaopanda na kukata kona, mrefu kuliko wote una mita 400, na watu wanapelekwa juu kwa viti vinavyoning'inia kwenye kamba ya chuma. Asiyejua hapandishwi juu. Lazima kwanza uweze kugeuka na kusimama. Mimi nikapelekwa sehemu ya wanaoanza, pamoja na watoto wa miaka sita. Somo la kwanza ni kuziweka zile skii mbili ziguse mbele na zipanuke nyuma, umbo la kipande cha pizza, ili upunguze mwendo. Mwalimu alikuwa akipiga kelele "Pizza! Pizza!" mpaka nikapata njaa. Niliteleza labda mita 20. Nilifurahi kama mtu aliyevuka bahari.

Nilipokaa kupumzika nikasikia Kiswahili. Cha Unguja hasa. "We Salim, usile hiyo! Utakuja kuumwa kifua!" Bibi mmoja, buibui juu ya lile koti la kukodi, anamfukuza mjukuu mwenye mdomo umejaa theluji.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Wa wapi wewe?"

"Wa Dar es Salaam."

"Sie kwetu Malindi, Unguja. Sasa tuko Maskati. Huyu anasema hii ni thalji. Mie kwangu ni barafu tu. Barafu kwetu ilikuwa ya kutilia sharubati."

Bibi hakujua kwamba mjukuu na yeye walikuwa wanazungumza kitu kilekile. Neno letu theluji tumelipata kwa Waarabu, ndiyo hiyo thalji ya Salim. Barafu imetoka kwa Waajemi, na kwa Waajemi barf ni theluji yenyewe inayoanguka, si donge la kwenye friji. Mabaharia na wafanyabiashara walituletea maneno mawili ya kitu ambacho pwani yetu haijawahi kukiona, nasi tukalichukua moja tukalipa kazi ya kupozea vinywaji.

Lakini ndani ya bara, juu, kitu chenyewe kilikuwepo. Na hapa ndipo habari inapoanza kunogea.

Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Mjerumani, Johannes Rebmann, aliyetoka Rabai karibu na Mombasa, aliona weupe juu ya mlima wa Uchaggani. Akamuuliza kiongozi wake wa safari ni nini kile. Yule akajibu neno moja tu: baridi. Rebmann akaelewa. Akaandika, na mwaka 1849 habari ikachapishwa Uingereza. Bwana mmoja wa London, William Desborough Cooley, aliyehesabiwa kuwa mtaalamu wa jiografia ya Afrika bila kuikanyaga Afrika, akaikataa. Theluji karibu na ikweta? Haiwezekani, macho ya mmisionari yamemdanganya. Ubishi ukaenda miaka. Mwaka 1862 baron Karl Klaus von der Decken na mwenzake Otto Kersten walipanda kiasi cha mita 4,200 na usiku theluji ikawaangukia. Ndipo wengi wakanyamaza. Cooley aliendelea kubisha.

Mimi shuleni nilifundishwa hadithi hii kama mgogoro wa Wazungu wawili, mmoja ameona na mwingine hajaona. Kinachonikera ni kile kinachopitiwa haraka, maana Rebmann na mwenzake Ludwig Krapf waliandika pia walichosimuliwa na wenyeji. Mfalme Rengua wa Machame alikuwa ametuma kundi la watu kupanda wakajue ule weupe ni nini, akitumaini ni fedha. Wengi hawakurudi. Aliyerudi alirudi mikono na miguu imeharibiwa na baridi. Na Rebmann aliambiwa kwamba ile "fedha" ilipoletwa chini ndani ya vyombo, ilionekana kuwa maji matupu.

Soma tena hapo. Kuna swali, kuna safari ya uchunguzi, kuna sampuli iliyoletwa nyumbani, kuna matokeo: ni maji. Yote kabla mtu yeyote wa London hajaanza kubishana. Ukiniuliza mimi, huo ni utafiti, tena uliolipiwa kwa vidole vya watu. Vitabu vinauita ngano za wenyeji.

Turudi kwenye paa. Kuleta theluji chini bila kugeuka maji ni tatizo la Rengua, na Ulaya nayo ililihangaikia. Wengi tunadhani Dubai ndio walioanza, wenye mafuta bwana, watafanya lolote. Sivyo. Tarehe 26 Novemba 1927, mjini Vienna, kulifunguliwa kitu kilichoitwa Schneepalast, yaani kasri la theluji. Kilikuwa ndani ya stesheni ya reli ambayo abiria walikuwa wameacha kuitumia, Nordwestbahnhof. Mwenye wazo alikuwa Mnorwe, Dagfinn Carlsen, mrukaji wa skii. Walijenga kilima cha mbao ndani ya ukumbi na juu yake wakamwaga theluji ya Mwingereza aitwaye James Ayscough. Theluji gani? Soda! Si ya kunywa, ni ile ya kufulia. Ulikuwa unga mweupe usioyeyuka kwa sababu haukuwa maji hata kidogo. Hapakuwa na mashine ya kukupandisha juu. Unabeba skii zako begani, unapanda kwa miguu, unateleza sekunde chache, unaanza tena.

Siku hiyo ya ufunguzi meya wa Vienna, Karl Seitz, alipigwa risasi akiwa ndani ya gari lake. Hazikumpata. Ndivyo mji ulivyokuwa, Julai ya mwaka huohuo maandamano yalikuwa yamemwaga damu nyingi mitaani. Kasri lenyewe halikudumu. Unga ulichafuka, haukuteleza vizuri, na mwaka 1928 likafungwa. Ukumbi ulibaki, na mwaka 1938 Manazi waliutumia kwa maonyesho ya chuki dhidi ya Wayahudi. Nimelisoma hilo usiku hotelini nikashindwa kulala haraka.

Theluji ya kweli iliyotengenezwa na binadamu ilikuja kwa njia mbili tofauti. Japani, kisiwani Hokkaido, mwanafizikia Ukichiro Nakaya alifanikiwa mwaka 1936 kukuza chembe moja ya theluji ndani ya maabara, kwenye ncha ya unywele wa sungura. Chembe moja. Huyo alitaka kuelewa. Marekani, mwaka 1950, Wayne Pierce, Art Hunt na Dave Richey wa Connecticut walitaka kuuza. Walikuwa watengenezaji wa skii, na majira ya baridi yaliyotangulia hayakuwa na theluji, biashara imelala. Wakachukua kompresa ya kupulizia rangi, mpira wa kumwagilia bustani na bomba la kupulizia, wakarusha maji kwenye hewa ya baridi kali. Matone madogo yakaganda kabla ya kufika chini. Fundi yeyote wa gereji pale Gerezani angeielewa mashine hiyo kwa kuitazama tu.

Kwa mashine hiyo kilichobaki ni nyumba kubwa na umeme. Wajapani walijenga moja Funabashi karibu na Tokyo mwaka 1993, mteremko wa karibu mita 490. Uchumi ulipolala ilifungwa mwaka 2002, ikabomolewa, na mahali pake pakajengwa duka la samani la IKEA. Dubai walifuata. Siri yao haina uchawi: kuta nene zenye tabaka za kuzuia joto, na usiku wageni wakiondoka ubaridi unashushwa hadi karibu nyuzi 6 chini ya sifuri, kisha maji yanapulizwa kutoka darini na kuanguka kama theluji. Yaani kila usiku wanatengeneza upya. Ni friji ile ile ya bibi, ila unaingia ndani yake. Afrika nayo inayo, Ski Egypt, karibu na Cairo, tangu 2017.

Nilipowaambia wenzangu wa semina, mmoja, ndugu yetu kutoka Nairobi, alisema huo ni mchezo wa watu wasio na shida. Sikubaliani naye kabisa, na sababu yangu inatoka kwenye nyumba nyingine ya aina hii. Mwaka 2002 Mghana mmoja, Kwame Nkrumah-Acheampong, alipata kazi ya mapokezi kwenye mteremko wa ndani wa Milton Keynes, Uingereza. Mapokezi! Hapo ndipo alipojifunza. Mwaka 2010 alishindana kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Vancouver, Mghana wa kwanza, nguo zake zimechorwa madoa ya chui. Walioanza mbio za slalomu walikuwa 102, zaidi ya nusu hawakumaliza, yeye alimaliza akashika nafasi ya 47. Na yule wa Nairobi nilimkumbusha Philip Boit wa kwao, aliyekuwa wa mwisho Nagano mwaka 1998 katika kilomita 10, na bingwa Bjørn Dæhlie akamsubiri kwenye mstari wa mwisho amkumbatie. Akacheka, akasema Boit ni Mkalenjin, hao hata ukiwapeleka mwezini watakimbia.

Lakini kuna kitu hakinichekeshi. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwa juu ya Kilimanjaro mwaka 1912 imekwisha. Mwaka 2022 UNESCO walisema kwamba kufikia 2050 barafu ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya itakuwa imetoweka. Mwaka 2050 Salim atakuwa kijana wa makamo. Kwenye njia ya Machame kuna kambi inaitwa Barafu, mita 4,673, na inaweza kubaki na jina hilo tu. Theluji ya kuanguka na kuondoka kilele kitaendelea kuipata, wanasema, ila yale mabonge ya kale ambayo watu wa Rengua waliyafuata hayarudi kwa kupulizwa usiku.

Sasa nina ombi. Habari za ile safari tunazo kupitia kalamu za wamisionari peke yake, mistari michache. Walitumwa wangapi? Waliobaki juu walikuwa wa koo gani? Yule aliyerudi aliishi vipi, na mikono ile? Mwenye babu au bibi Machame, ukienda Desemba, muulize kabla ya mbege kukolea, kisha niandikie. Nitachapisha neno kwa neno, kwa jina la aliyesimulia kama ataridhia.