Gari la haibridi: maandishi ya nyuma na kilicho chini ya kiti

Shemeji yangu mmoja anafundisha Lurambi, kule Kakamega. Majuzi alinipigia simu baada ya Isha. Mkopo wake wa sacco unakaribia kutoka, na anataka nimwangalizie gari la haibridi kwenye yadi za hapa Mombasa. (Watu wa bara hudhani kila mkaazi wa Mombasa ana ufunguo wa bandari.) Simlaumu. Tangu Septemba 2023, petroli ilipopita shilingi 200 kwa lita, wengi wamekuwa wakipiga hesabu kama yake.

"Shemeji, ni kweli linajichaji lenyewe? Hulichomeki popote?"

Ni kweli hulichomeki. Lakini maneno "linajichaji lenyewe" si ya fundi, ni ya tangazo. Toyota na chapa yake ya Lexus waliyatumia kuuza magari haya Ulaya, na mwaka 2020 mamlaka ya kutetea wanunuzi nchini Norway ikalikataa tangazo la Lexus la namna hiyo, ikisema linapotosha. Mtu angedhani ule umeme ni wa bure, ilhali nguvu yote ya gari lile yatoka kwenye petroli anayoitia mwenyewe.

Kazi yake ni hivi. Ndani mna injini ya petroli na mota ya umeme. Ukikanyaga breki, mota hugeuka jenereta, na nguvu ambayo ingepotea kuwa joto kwenye breki hurudi kwenye betri. Ukiondoka tena, mota husukuma gari huku injini imenyamaza. Ndiyo maana haibridi huokoa mafuta zaidi kwenye foleni ya feri pale Likoni kuliko barabara ndefu. Anayetoka Lurambi kwenda Webuye hakanyagi breki sana, na faida yake hupungua.

Sasa tuje kwenye chapa, maana hapo ndipo wanunuzi wetu wanapopotea.

Toyota walianza kuuza Prius nchini Japani Desemba 1997. Walilipa jina jipya, na baadaye umbo lisilofanana na gari jingine lolote. Honda wao walitia haibridi ndani ya Civic ya kawaida, ambayo jirani yako hawezi kuitofautisha na Civic nyingine. Prius ikaiacha mbali kwa mauzo. Mwanadamu ni yule yule, hata kanzu ya Idi hushonwa ionekane. Watu walipokwisha kuiamini teknolojia, Toyota wakageuza mkakati: Desemba 2011 wakatoa Aqua, ndogo na ya bei nafuu, na mwaka 2013 wakaitia haibridi kwenye Axio na Fielder, magari ambayo Mkenya alikuwa anayajua tayari. Alama ya kutambulisha ikawa rangi ya buluu kwenye nembo.

Aqua ilitangazwa kwa kilomita 35.4 kwa lita moja. Namba hiyo ilipimwa kwenye mtambo wa majaribio huko Japani. Usiipangie bajeti.

Kampuni nyingine nazo zikataka sehemu yao katika neno hilo. Nissan Serena ya mwaka 2012 imeandikwa S-HYBRID nyuma, lakini mota yake ni ndogo, ya kuisaidia injini tu. Haiwezi kulisukuma gari peke yake kama ya Aqua. Nissan hao hao, mwaka 2016, walitoa Note e-Power, na pale mambo yamegeuka: magurudumu yanazungushwa na mota ya umeme pekee, injini ya petroli kazi yake ni kuzalisha umeme. Yadi hukuita kote mbili kwa jina moja na kukutajia sifa zile zile. Honda Fit Hybrid iliyotoka 2013 ina giaboksi ya klachi mbili, na iliitwa kiwandani kurekebishwa mara kadhaa kwa ajili ya programu inayoiendesha, hata wakubwa wa Honda wakapunguziwa mishahara mwaka 2014. Zilizorekebishwa zipo, na namba ya chesesi huonyesha kwenye tovuti ya kampuni Japani kama gari lako limo. Anayekuuzia asipotaka kukupa namba hiyo, rudi nyumbani.

Sheria yetu hairuhusu gari lililozidi miaka 8 kuingia nchini, kwa hiyo tunayonunua mengi ni ya miaka 6 au 7. Mkakati wa kampuni ulipangwa kwa mnunuzi wa kwanza, mwenye dhamana na karakana karibu na kwake. Dhamana hiyo haipandi meli. Sisi tunapokea maandishi ya nyuma na betri iliyokwisha fanya kazi.

Na betri ndiyo roho ya jambo. Kwenye Aqua imewekwa chini ya kiti cha nyuma, na pembeni mwa kiti pana tundu la kuvuta hewa ya kuipoza. Ukilifunika kwa gunia la mahindi au mkeka, au likijaa vumbi la barabara za murram, betri hupata joto na umri wake hufupika. Tundu hilo halitajwi na muuzaji hata mmoja niliyemsikia. Tena betri ile ni vipande vingi vilivyounganishwa. Kimoja kikifa, taa ya onyo huwaka, na fundi wa haraka atakibadilisha hicho kimoja, kisha vizee vilivyobaki vifuate. Mwambie akupimie vyote kwa mashine, kimoja kimoja, kabla hujalipa hata senti. Nyaya za rangi ya chungwa zisiguswe na fundi wa kubahatisha, umeme wake huua.

Basi nikamwambia shemeji asiulize bei kwanza. Atafute hapo Kakamega, au Kisumu, fundi aliyewahi kuifungua betri ya haibridi na kuifunga ikafanya kazi, amuulize gharama, kisha anipigie.

Akanyamaza kidogo. Halafu akauliza, "Na Probox ni pesa ngapi siku hizi?"

Nikamwambia, hata Probox ina ya haibridi tangu 2018.