KUTOKA KIWALANI HADI MISITU YA PUGU: BAISKELI NJE YA LAMI

Barabara ya Nyerere jijini Dar es Salaam, ambayo wazee bado wanaiita Barabara ya Pugu, inaelekea kusini-magharibi hadi Vilima vya Pugu. Huku Kiwalani kuna lami na foleni. Ndani ya misitu ya hifadhi ya Pugu na Kazimzumbwi, wilayani Kisarawe, njia ni za udongo na mchanga.

Baiskeli za mkaa
Kwa miaka mingi mkaa wa Kisarawe umeingia Dar es Salaam kwa baiskeli aina ya Phoenix. Magunia hufungwa kwenye keria kwa mipira iliyokatwa kutoka tairi kuukuu. Penye mlima, mwenye mzigo hushuka na kusukuma. Biashara hiyo imelisha familia nyingi, lakini pia imepunguza msitu.

Utakayoyaona
Udongo mweupe kando ya njia ni kaolini, malighafi ya vyombo vya kauri. Usiku hutoka komba wa Rondo, mwenye uzito wa takriban gramu 60, mmoja wa komba wadogo kabisa duniani.

Shule ya Sekondari Pugu ndipo Julius Nyerere alipofundisha baada ya kurudi kutoka Edinburgh mwaka 1952. Aliacha ualimu mwaka 1955 ili akitumikie chama cha TANU.

Kabla ya kupanda
Wakati wa masika udongo huteleza na kuganda kwenye matairi. Beba maji, pampu na viraka. Pata kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), na usiache njia.