Kutu Iliyovuka Bahari: Suala la Kupaka Uvungu wa Gari Karagwe kwa Mtazamo wa Kihistoria

Katika nchi za baridi kali, mnunuzi wa gari jipya hukabiliwa na swali ambalo limezua mabishano kwa zaidi ya nusu karne: je, alipie uvungu wa gari upakwe dawa ya kuzuia kutu kabla theluji haijaanguka, au aridhike na kinga iliyotoka kiwandani? Kwa mkazi wa Nyakahanga swali hili linaweza kuonekana geni. Karagwe haina theluji, na hakuna anayemwaga chumvi barabarani. Hata hivyo, mafundi wa gereji, hapa kama kwingineko nchini, hupaka uvungu kwa lami, kwa rangi nzito au kwa oili chafu, na wenye magari hulipa. Insha hii inahoji desturi hiyo ilijengwa juu ya msingi gani. Hoja yangu ni kwamba gari linaloitwa jipya Karagwe mara nyingi limeshapita majira kadhaa ya baridi kabla ya kufika, na kwa hiyo historia ya kutu yake haina budi kuanzia mbali na Kagera.

Kutu huhitaji chuma, maji na oksijeni. Chumvi haiianzishi, bali huiharakisha, kwa kuwa maji yenye chumvi hupitisha umeme kwa urahisi zaidi na kuruhusu chuma kuliwa kwa kasi. Chumvi hiyohiyo hushusha kiwango cha joto ambacho maji hugandia, na ndiyo sababu ilianza kumwagwa barabarani. Jimbo la New Hampshire nchini Marekani lilikuwa miongoni mwa ya kwanza kulifanya jambo hili kuwa utaratibu, mwanzoni mwa miaka ya 1940, na baada ya Vita Kuu ya Pili desturi hiyo ikaenea. Barabara zilipitika, lakini magari yakaanza kuoza kutokea chini. Biashara ya kuzuia kutu ilizaliwa katika mazingira hayo. Kampuni ya Ziebart, iliyobeba jina la fundi Mjerumani Kurt Ziebart, ilianza Detroit mwaka 1959. Mabishano nayo hayakukawia: lami iliyopakwa juu ya bati hukauka, hupasuka, na maji yanayopenya kwenye nyufa hubaki yamefungiwa dhidi ya chuma. Kinga hugeuka kuwa kificho.

Viwanda vilijibu taratibu. Bati la bodi likaanza kupakwa zinki, na bodi nzima ikazamishwa katika rangi ya msingi inayovutwa na umeme hadi pembe ambazo brashi haifiki. Audi 100, iliyotolewa na bodi iliyopakwa zinki yote katikati ya miaka ya 1980, hutajwa mara kwa mara kama alama ya mabadiliko hayo. Kwa Mnyambo teknolojia hii si ngeni kabisa, kwani ndiyo iliyo juu ya paa lake. Bati la nyumba hudumu kwa sababu zinki hukubali kuliwa badala ya chuma, na kila mwenye nyumba anajua kutu huanzia wapi: kwenye tundu la msumari na kwenye ncha iliyokatwa.

Kizazi cha kwanza cha maarifa ya magari Afrika Mashariki kilijengwa juu ya gari la aina nyingine. Land Rover ilipozinduliwa mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma uliosababishwa na vita, na bodi yake ikatengenezwa kwa aloi ya aluminiamu. Chasisi ilibaki ya chuma. Gari hili lilitumiwa na serikali ya kikoloni, kisha na wizara, misheni na jeshi la nchi huru, na kwa miaka mingi ndilo lililotawala fikra za watu kuhusu gari imara. Bodi yake haikuota kutu, na mwenye gari angeweza kuitazama na kuridhika ilhali chasisi inaliwa. Isitoshe, aluminiamu inapogusana na chuma penye unyevu, metali hizo mbili huathiriana na aluminiamu huliwa kuzunguka kiungo. Ninaona hapa chanzo kimojawapo cha mazoea ya kulihukumu gari kwa bodi yake, mazoea ambayo yaliendelea hata baada ya magari kubadilika.

Nayo yalibadilika upesi. Mwaka 1984 serikali ya Tanzania iliruhusu watu waliokuwa na fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa zilikotoka fedha hizo, na mlango uliofunguliwa hapo ulizidi kupanuka katika miaka ya 1990. Japani ilikuwa chanzo cha asili cha magari yaliyotumika: huko nako huendeshwa upande wa kushoto, usukani ukiwa kulia, na gharama za ukaguzi wa mara kwa mara huwasukuma wenye magari kuyauza yangali na uhai. Ndani ya miongo miwili neno “mpya” lilipata maana ya pili. Gari jipya likawa gari ambalo halijawahi kutumika Tanzania.

Hapa ndipo pana kiungo ambacho, kwa maoni yangu, hakijapewa uzito unaostahili. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, madereva wa Hokkaido na Tohoku, sehemu za Japani zenye theluji nyingi, walitumia matairi yenye misumari. Misumari hiyo ilisaga lami, na theluji ilipoyeyuka miji kama Sapporo na Sendai ilifunikwa na vumbi lililohofiwa kudhuru mapafu. Mwaka 1990 Japani ilitunga sheria ya kudhibiti matairi hayo, na matumizi yake yakakoma katika maeneo yaliyohusika. Vumbi lilipungua, lakini barabara zikawa telezi kupita kiasi, na matumizi ya chumvi ya kuzuia barafu yakaongezeka sana. Kwa maneno mengine, sheria iliyotungwa kulinda mapafu ya wakazi wa Sapporo iliongeza chumvi katika uvungu wa magari wakati uleule ambapo soko la Tanzania lilikuwa likifunguka kuyapokea. Hakuna aliyekusudia hivyo, na hakuna chombo cha pande zote mbili kilichokuwa na sababu ya kuyatazama mambo haya mawili kwa pamoja.

Sera za kanda zimepima jambo jingine: umri. Kenya hairuhusu magari yaliyopita miaka minane; Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, ilipiga marufuku kuingiza yaliyopita miaka 15; Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari yaliyochakaa kwa umri. Miaka ni rahisi kuhesabu. Lakini gari la miaka saba lililoishi Hokkaido linaweza kuwa limeliwa kuliko la miaka kumi na mbili kutoka wilaya ya kusini isiyojua theluji, na mfumo wa ushuru unamwadhibu mnunuzi wa lile la pili. Mkulima wa kahawa wa Kyerwa anayeweka akiba ya misimu kadhaa hulipia tarehe ya kutengenezwa, ambayo imeandikwa. Mahali gari lilipopitisha majira ya baridi hapaulizwi.

Je, mazingira ya Karagwe yenyewe yanaongeza hatari? Kiasi. Mvua huja kwa misimu miwili kwa mwaka, na barabara za changarawe hurusha mawe yanayokwangua rangi ya uvungu, kisha tope hushikilia unyevu kwenye maungio ya chasisi. Udongo huo mwekundu una rangi yake kutokana na oksidi za chuma. Ni ndugu wa kutu. Wafua chuma wa ufalme wa Karagwe, ambao kazi yao imechunguzwa na wanaakiolojia Andrew Reid na Rachel MacLean, walijua safari ya kinyume: kuchukua madini yaliyoungana na oksijeni na kuyarudisha kuwa chuma kwa mkaa na mvukuto. Chuma kilikuwa na heshima ya kifalme huko Bweranyange, ambako Stanley alionyeshwa hazina ya Rumanyika mwaka 1876. Kwa wilaya yenye historia hii, kuiona kutu kama bahati mbaya tu ni kusahau mengi.

Pamoja na hayo, tope la Karagwe halina chumvi ya barabarani, na kuwekwa lami kwa barabara ya Kyaka hadi Bugene katika muongo wa 2010 kulipunguza mawe na tope kwa wasafiri wa njia hiyo. Gari lililotoka kiwandani moja kwa moja, lenye bati la zinki, halihitaji koti la lami Nyakahanga. Kuoshwa uvungu baada ya masika kunatosha. Kwa gari lililotoka Japani jawabu ni tofauti, na linategemea mpangilio wa kazi: kwanza kuosha kwa maji mengi hadi ndani ya mihimili ya chasisi, kisha kukagua kwa kugonga na kukwangua, na baada ya hapo tu kupaka, ikiwezekana nta au mafuta mepesi yanayobaki laini. Oili chafu haipendekezwi, kwa kuwa hulainisha na kuharibu raba za viungo. Lami inayopakwa kabla ya ukaguzi ndiyo mbaya kuliko zote, na muuzaji anayetaka kuficha ana sababu nzuri ya kuipendelea.

Sehemu inayosahaulika zaidi ni paipu za breki. Ni nyembamba, hupita chini ya sakafu ambako maji ya chumvi hurukia, na katika magari mengi ni za chuma chenye ngozi nyembamba ya kinga. Zikifunikwa kwa lami pamoja na chasisi, fundi hawezi kuona zinapoanza kuvimba kwa kutu, na gari huendelea kupanda na kushuka milima ya Karagwe likiwa na abiria na mikungu ya ndizi hadi siku kanyagio la breki litakapozama sakafuni.