Neno "Sakinisha" na Mfumo wa Linux

Linus Torvalds wa Ufini alitoa kiini cha Linux mwaka 1991, na tangu 1992 leseni yake humruhusu yeyote kuubadili msimbo. Kwa njia kama hiyo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, kilitoa programu ya Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Ugumu ulikuwa katika maneno. Kuuweka mfumo ndani ya kompyuta huitwa kuusakinisha, yaani kuufanya usakini, ukae kama mwenyeji: neno zuri. Kusasisha, kutokana na "sasa", ni kurekebisha toleo lile lile. Kuhamia toleo jipya huitwa kuboresha, neno legevu mno. Fundi wa Nzuguni, mashariki ya Dodoma, akiyachanganya hayo mawili, aweza kupoteza mafaili yasiyonakiliwa.