Inchi Moja ya Yukon: Zawadi za Bure Zilianza Kabla ya YouTube

Juma hili naweka kando mambo ya seva na hifadhidata, tupige gumzo la historia kidogo. Wazazi kadhaa wameniuliza kuhusu hawa watengeneza video wanaowaahidi watoto simu, pesa na hata pikipiki, mradi tu mtoto abonyeze laiki, ajiandikishe kwenye chaneli na awaite marafiki zake. Wanaliona jambo geni lililoletwa na rununu. Geni wapi! Wakati nyanya zetu walikuwa watoto, redio ilikuwa tayari inafanya kazi hiyo hiyo.

Kule Marekani miaka ya 1930 kulikuwa na mchezo wa redio wa watoto ulioitwa Little Orphan Annie. Mdhamini wake alikuwa Ovaltine, ndiyo, kinywaji hicho hicho cha mkebe. Kuanzia mwaka wa 1935 hadi 1940 mtoto aliyetuma kifuniko cha ndani cha mkebe alitumiwa beji yenye kisahani cha kuzungushwa. Kipindi kikiisha mtangazaji anasoma namba, na mtoto mwenye beji anazigeuza kuwa herufi na kupata ujumbe wa siri. (Waliosoma usalama wa tarakilishi wanaitambua: ni fumbo la kubadilisha herufi moja kwa nyingine, hatua ya kwanza kabisa darasani.) Beji ilikuwa ya bure. Mkebe haukuwa wa bure, na asiyekuwa na mkebe hakujua rafiki zake wanacheka nini.

Lakini kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha mwaka wa 1955. Kampuni ya Quaker Oats ilikuwa ikidhamini kipindi cha Sergeant Preston of the Yukon, hadithi za askari na mbwa wake katika theluji ya kaskazini mwa Kanada. Wakatafuta njia ya kuuza nafaka zao kwa watoto, na ndipo wakanunua ekari 19 na ushei za ardhi katika eneo la Yukon kwa dola 1,000. Wakachapisha hati milioni 21, kila moja ikimpa mwenye nayo inchi moja ya mraba ya ardhi hiyo, wakazitia ndani ya pakiti. Hati zilikuwa za kupendeza, zimejaa lugha ya kisheria na nafasi ya mtoto kuandika jina lake. Watoto wakapigania pakiti madukani.

Hebu tupige hesabu. Ekari moja ina inchi za mraba 6,272,640. Hati milioni 21 zinakula ekari tatu na theluthi hivi, kwa hiyo ardhi ilitosha na kubaki. Hakuna aliyedanganywa hapo. Sasa gawanya dola 1,000 kwa hati milioni 21: dola moja ya ardhi iliwapa hati 21,000. Zawadi yenyewe ilikuwa karibu na sifuri, na kilichouza nafaka ni kile mtoto alichokiwaza akiishika ile karatasi.

Na maandishi madogo je? Hati hazikusajiliwa kwa majina ya watoto. Haki ya madini haikuwemo, ingawa hapo ni Klondike, nchi ya dhahabu! Mwaka wa 1965 serikali ya Kanada iliitwaa ardhi yote kwa sababu ya kodi ya dola 37.20 ambayo haikulipwa. Kwa miaka mingi baadaye watu wazima waliendelea kuandika barua wakiulizia mashamba yao ya inchi moja.

Hesabu hiyo hiyo niliifanya na mpwa wangu wa miaka kumi. Chaneli aliyokuwa akiifuata ilikuwa na watu 400,000, na iliahidi simu moja ya shilingi 40,000. Nikamwambia agawe. Akapata senti 10. "Anko, kila mtu anapata senti kumi tu?" Ndiyo, na bando la kutazama ile video lilikuwa ghali kuliko hiyo. Kisha nikamwandikia programu fupi inayochagua namba moja kati ya 1 na 400,000, abonyeze hadi namba yake itoke. Alibonyeza karibu nusu saa akaacha mwenyewe, akaenda kucheza kati. Mahubiri yangu yote hayangefika hapo.

Hata hivyo hesabu ya bahati inadhani kwamba bahati ipo. Mwaka wa 2016 iligundulika kwamba Trevor Martin na Thomas Cassell, watengeneza video za michezo waliokuwa na mamilioni ya wafuasi, wengi wao vijana wadogo, walikuwa wakijirekodi wakishinda maelfu ya dola kwenye tovuti ya CSGO Lotto. Humo watu walicheza kamari kwa mapambo ya silaha za mchezo wa Counter-Strike. Walichosahau kusema ni kwamba tovuti ni yao: Martin rais, Cassell makamu. Tena waliwalipa wenzao kati ya dola 2,500 na 55,000 waisifu. Mwaka wa 2017 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilifikia makubaliano nao. Faini haikuwepo, waliagizwa tu waseme wazi siku zijazo. Mimi nasema walipona kirahisi mno.

Si kwamba wote ni matapeli. Jimmy Donaldson, yule MrBeast, mwaka wa 2017 alimpa mtu asiye na makao dola 10,000 mbele ya kamera, na pesa zilikuwa za kweli. Zilitoka kwa mdhamini, programu iitwayo Quidd. Mtoto akijua hilo anaona tangazo pale alipokuwa akiona ukarimu peke yake, na anaweza kuvipenda vyote viwili bila kuchanganya.

Ubaya ni kwamba ukarimu wa kweli ndio unaompa tapeli mavazi. Mwaka wa 2023 tangazo lilipita TikTok likimwonyesha MrBeast akitoa iPhone 15 kwa dola 2. Sura na sauti zilifanana na zake, lakini zilitengenezwa na tarakilishi. Na miaka mitatu kabla, Julai 2020, akaunti za Barack Obama na Elon Musk kwenye Twitter zilitekwa, zikaahidi kurudisha maradufu bitcoin yoyote utakayotuma. Watu wazima walituma.

Ndiyo maana kwa watoto naanzia kwenye kitu kimoja: pesa au namba ya simu inatoka upande gani kwanza? Ovaltine walitaka kifuniko. Quaker walitaka pakiti inunuliwe. Mpwa wangu aliombwa shilingi 300 za "kusafirisha zawadi" na akaunti iliyobeba picha ya chaneli ile, akaja kuniuliza kabla hajagusa simu ya mamake. Tukaifungua pamoja. Ilikuwa na umri wa siku nne.

Wanaoitaka ile programu ya kuchagua namba waniandikie, nitaituma. Ni mistari tisa tu.