Wachongaji wa Ukambani na mtaa wao wa Changamwe

Historia ya wasanii wa Kitui na Makueni haiishii vijijini kwao. Sehemu yake kubwa iko Changamwe, Mombasa, chini ya vibanda vya mabati ambako vumbi la mbao halitulii tangu asubuhi.

Wakamba walichonga vigoda, mizinga ya nyuki na miiko tangu zamani. Vinyago vya kuuza vilikuja baadaye. Inasimuliwa kwamba Mutisya Munge, mwenyeji wa Wamunyu kwenye barabara ya Machakos kwenda Kitui, alipelekwa kusini wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika, akajifunza uchongaji kwa wenyeji wa huko. Aliporudi aliwafundisha jamaa zake, nao wakafundisha majirani. Kazi ikaenea Ukambani, hadi Kitui na Makueni, iliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Machakos hadi 1992.

Mwaka 1963 wachongaji waliohamia pwani waliunda chama chao cha ushirika, Akamba Handicraft. Hapo ndipo maisha yao ya pekee yalipokomaa. Mwanamume aliacha mke na shamba nyumbani, akapanga chumba na watu wa kwao, akashinda ameketi chini, gogo kati ya miguu, tezo mkononi. Huyu alichonga twiga tu, yule vifaru, mwingine miiko ya saladi. Kijana hakulipa karo: alianza kwa kupiga msasa kazi ya mjomba wake, akapewa tezo mkono ulipozoea. Mvua za vuli zilipokaribia, wengi walipanda basi kwenda kulima. Ukame ulipozidi, wengi zaidi walirudi pwani.

Linaloniuma ni hili: chini ya kinyago huandikwa namba ya mwanachama, ili alipwe kikiuzwa. Jina halimo. Twiga hao wamefika Ulaya na Marekani, na aliyewachonga anajulikana kibandani pake tu. Watu hawa ni wasanii kamili, nao walistahili kutajwa kwa majina tangu mwanzo.

Sasa mpingo na muhugu vimeadimika kwa kukatwa mno, na wachongaji wamegeukia mwarubaini na mwembe. Miti hiyo hukua haraka, lakini isipokaushwa vizuri hupasuka, kwa hiyo hata fundi mkongwe amelazimika kujifunza upya namna ya kuutunza ubao kabla hajaugusa kwa tezo.