Maboya: kutoka mlango wa Kilindini hadi mvua za Nchiru

Wazee wa Kimeru husimulia kwamba mababu zao waliishi kisiwani, mahali palipoitwa Mbwaa, wakiwa chini ya mabwana walioitwa Nguo Ntuune, yaani wavaa nguo nyekundu, mpaka usiku walipovuka maji na kushika njia ya bara. Wanahistoria kadhaa wamekitafuta kisiwa hicho katika pwani ya Kenya, upande wa Lamu. Vizazi vingi vimepita tangu hapo. Nchiru, iliyo kwenye njia ya kutoka mji wa Meru kwenda Maua, iko zaidi ya kilomita 400 kutoka ufukweni, na mtu anaweza kuzeeka huko bila kuliona boya hata moja.

Hata hivyo boya lina mkono katika maisha ya Nchiru. Mbolea ya kupandia inayoagizwa nje na kompyuta za maabara za Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru hufika nchini kwa meli zinazopita katikati ya maboya ya Mombasa. Na wataalamu wanapotabiri mvua za vuli, sehemu ya hesabu yao hutoka kwa maboya yaliyotiwa nanga katikati ya Bahari ya Hindi.

Zamani njia ya bandari ilikuwa kichwani mwa rubani. Nahodha wa jahazi aliisoma pwani kwa mbuyu, kwa mnara wa msikiti na kwa rangi ya maji juu ya miamba, na palipomtia shaka alitupa bildi kupima kina. Mgeni asiye na elimu hiyo alikuwa hatarini. Mnamo Aprili 1498, Vasco da Gama alipojaribu kuingia Mombasa, meli yake ilikataa kugeuka ikaiendea nyingine iliyokuwa nyuma. Nanga zilishushwa kwa haraka, na katika purukushani hiyo marubani waliokuwa wamechukuliwa Msumbiji walijitosa majini wakakimbia. Mreno huyo hakuingia bandarini. Alikwenda Malindi, akapewa rubani mwingine, na tarehe 20 Mei akatia nanga karibu na Calicut, India.

Ulaya ilikuwa imekwisha kuanza kuweka alama majini. Maandishi ya mwishoni mwa karne ya 13 yanataja boya kwenye mto Guadalquivir, njia ya meli kuelekea Seville. Katika karne zilizofuata, milango ya mito ya Uholanzi na Ujerumani iliwekwa mapipa ya mbao yaliyokazwa kwa pete za chuma na kufungwa kwa mnyororo kwenye jiwe kubwa chini. Mchana yalifaa sana. Usiku hayakuonekana.

Miaka ya 1870 kampuni ya Pintsch ya Ujerumani ilianza kutengeneza maboya yenye taa ya gesi. Kisha akaja Gustaf Dalén wa Sweden, aliyebuni vali inayoendeshwa na mwanga wa jua. Ndani yake mlikuwa na fimbo nyeusi iliyofyonza mwanga, ikapata joto, ikarefuka na kuifunga gesi. Giza lilipoingia fimbo ilipoa, ikafupika, na taa ikawaka yenyewe. Boya likaweza kukaa baharini muda mrefu bila mtu wa kuliwasha wala kulizima. Kwa uvumbuzi wake Dalén alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 1912, na maboya yametajwa waziwazi katika sababu za tuzo hiyo. Mwaka huohuo mlipuko wa gesi katika majaribio yake ulimpofusha macho yote mawili. Aliendelea kuongoza kampuni yake hadi alipofariki mwaka 1937.

Tatizo lililobaki lilikuwa la lugha. Kila nchi ilikuwa na mpangilio wake, na kufikia miaka ya 1970 ulimwengu ulikuwa na mifumo zaidi ya 30 ya maboya. Rangi iliyomwambia nahodha apite salama katika nchi moja iliweza kumpeleka mwambani katika nyingine.

Gharama yake ilionekana Januari 1971 katika mlango wa bahari wa Dover, kati ya Uingereza na Ufaransa. Meli ya mafuta Texaco Caribbean iligongwa ikazama. Siku iliyofuata Brandenburg ikaparamia mabaki yake, nayo ikazama. Alama ziliwekwa, lakini baada ya wiki chache meli ya tatu, Niki, ikapita hapohapo na kuzama na watu wake wote. Jumla ya waliokufa ilikuwa 51. Msiba huo uliharakisha mazungumzo, na Novemba 1980, katika mkutano wa Tokyo, mataifa yalikubali mfumo mmoja wenye kanda mbili: Kanda A na Kanda B, inayojumuisha mabara ya Amerika, Japani, Korea na Ufilipino.

Afrika Mashariki iko Kanda A. Meli inayoingia Kilindini, bandari ya Mombasa, kutoka baharini huyaacha maboya mekundu kushoto kwake na ya kijani kulia. Wakati wa kutoka, pande hubadilika. Nyekundu huwa na umbo la kopo na kijani umbo la pia, ili hata macho yakishindwa kutofautisha rangi, umbo liseme. Boya la njano na nyeusi lenye pia mbili juu yake hueleza upande gani, kaskazini, kusini, mashariki au magharibi, ndipo penye maji salama. Jeusi lenye mkanda mwekundu na mipira miwili juu hukaa palepale penye hatari. Usiku kila moja hutambulika kwa mpigo wa taa yake. Rubani wa Mamlaka ya Bandari Kenya bado hupanda melini nje ya bandari, lakini elimu aliyobeba rubani wa zamani peke yake sasa imeandikwa juu ya maji, na nahodha wa taifa lolote anaweza kuisoma.

Wavuvi nao wana yao. Juu ya jarife huelea vipande vya povu gumu au chupa tupu za plastiki zilizokazwa vifuniko, na kila mwenye dema hujua alama yake kwa rangi au kwa fundo. Katika hifadhi za baharini za Malindi na Watamu, zilizotangazwa mwaka 1968, mashua za watalii hufungwa kwenye maboya ya kudumu ili nanga zisivunje matumbawe, ambayo hukua polepole mno.

Kisha ikaja tarehe 26 Desemba 2004. Karibu saa kumi alfajiri, kwa saa za Afrika Mashariki, chini ya bahari karibu na Sumatra palitetemeka. Mawimbi ya tsunami yalichukua saa kadhaa kuvuka hadi Afrika. Pasifiki ilikuwa na maboya ya kupima mawimbi hayo. Bahari ya Hindi haikuwa na hata moja. Kenya ilibahatika: taarifa za maafa ya Asia zilitangulia na watu wakaondolewa ufukweni. Somalia ilipoteza watu karibu 300. Mfumo wa tahadhari wa Bahari ya Hindi ulianza kazi rasmi Oktoba 2011.

Mwaka uleule wa 2004 mataifa kadhaa yalianza kutandaza maboya ya utafiti wa pepo za msimu, mtandao unaoitwa RAMA, uliolenga vituo 46. Boya lake ni pete kubwa ya plastiki ngumu iliyojazwa povu, upana wake mita 2 na ushei, lenye mlingoti wa kupima upepo, joto na unyevu. Chini yake huning'inia kebo yenye vipimajoto hadi mita 500, na kwenye sakafu ya bahari, kilomita kadhaa chini, linashikiliwa na magurudumu makuukuu ya treni. Vipimo hupanda kwenye setilaiti kila siku.

Hapo ndipo Nchiru inapoingia. Bahari ya magharibi, upande wa Afrika, ikiwa na joto kuliko kawaida na ile ya Sumatra ikiwa baridi, mvua za Oktoba hadi Desemba huelekea kuzidi, kama ilivyokuwa mwaka 1997 na 2019. Hali ikigeuka, ukame hubisha hodi. Kituo cha kikanda cha utabiri wa hali ya hewa, ICPAC, kilicho viungani mwa Nairobi hutazama joto hilo kinapoandaa utabiri wa vuli, kisha Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya huufikisha kwenye kaunti, Meru na Embu zikiwemo, kabla ya wakulima kuchagua mbegu.

Pengo kubwa la mtandao huo limekuwa upande wetu wa bahari. Maharamia wa Somalia waliyafanya maji ya magharibi yasifikike kwa miaka mingi, na kwingineko wavuvi wamefunga mashua kwenye maboya, kwa sababu samaki hukusanyika chini yake, wakavunja vifaa vya kupimia. Serikali za Kenya, Tanzania na Somalia zina kila sababu ya kuchangia meli, mafundi na ulinzi wa vituo hivyo, na kuwaeleza wavuvi kazi yake, kwa kuwa wanaosubiri vipimo hivyo ni raia wao wenyewe, wa pwani na wa bara.